Hakimu wa Mkono wa Kushoto

"Hivi Chrischona, siku hizi mahakimu wanaapa kwa mkono wa kushoto?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Apollonia, mke wa mwoka mikate, alasiri moja ya mwezi wa kumi, amesimama ndani ya mlango wangu na unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekuja kuomba chumvi. Mezani kwangu palikuwa na picha ishirini na nne za Ngoma ya Mauti, nimezitandaza zikauke rangi, naye alikuwa ameinamia ile ya mwisho, ya Hakimu.

Mimi nilikuwa naosha brashi. Sikugeuka upesi. Tangu jana yake nilikuwa nikijiuliza kama mtu asiye fundi angeliona jambo lile, na sasa limeonwa na mwanamke ambaye hajawahi kushika hata kalamu ya makaa.

"Umeona nini, shoga?"

"Naona mtu anaapa. Si ameinua vidole vitatu? Lakini mkono ni huu." Akainua wake wa kushoto, unga ukamwagika sakafuni. "Mume wangu akiinua huu siku ya kiapo, watamfukuza na kofia yake. Na huyu mwenye mifupa vilevile! Wote wawili mashoto?"

"Jumatano ni siku ya Luka, sikukuu ya wachoraji," nikamwambia. "Si wewe unayepeleka mikate ya vitunguu kwenye nyumba ya chama?"

"Mimi. Kumi na miwili, na mmoja wa kuonja njiani."

"Basi swali hilo lishike. Picha hizi zitakuwa mezani pale. Uliulize kwa sauti hiyo hiyo."

Apollonia ni msemaji lakini si mjinga. Akanikazia macho. "Wewe mama, unapika nini?"

"Sipiki kitu. Sina hata sufuria."

Na hilo lilikuwa kweli, kama nitakavyoeleza.

Sisi watu wa Basel tunakua tukimwona Mauti ukutani. Pale kwenye makaburi ya watawa Wahubiri amechorwa tangu enzi za mababu wa mababu, amemshika mkono Papa, amemshika Kaisari, bibi arusi, mpishi, kipofu, kila mmoja anavutwa kuingia ngomani. Mtu akikonda tunamwambia anafanana na Mauti wa Basel, naye hukasirika au hucheka, inategemea amekonda kwa nini. Ukuta wenyewe kila baridi unabanduka kidogo, na wageni hutaka cha kuchukua nyumbani, ndiyo maana zipo picha za kuchapa. Wa zamani walichonga kwenye mbao, waliofuata wakanakili kwenye shaba, na waliofuata hao wakanakili nakala. Mume wangu, Lienhard Strub, alikuwa mmoja wa wanakili hao, na hakuona haya. "Mauti ni yule yule," alikuwa akisema, "ila kila kizazi kimchonge upya, kwa sababu shaba huchakaa, yeye hachakai."

Alifanya kazi polepole hata wenzake wakamwita Konokono. Hakuchukia. Chini ya kila picha, pembeni kabisa, alichonga jina lake na konokono mdogo, usiyeweza kumwona bila kuinama.

Sasa bamba la shaba ni kama muhuri. Kilicho upande wa kulia juu ya shaba hutokea kushoto juu ya karatasi. Kwa hiyo anayenakili hatazami picha yenyewe. Huiweka nyuma yake au ubavuni, na mbele yake huweka kioo, akachonga kile anachokiona ndani ya kioo. Hapo tu ndipo karatasi itatoka sawa, mpiga zeze akashika upinde kwa mkono wa kulia, na mwenye upanga akauning'iniza kushoto. Lienhard alikuwa na kioo kimoja cha mviringo, chenye fremu ya mti wa mcheri, alichorithi kwa mama yake. Mwanamke yeyote angeweza kujitazamia humo anaposuka nywele. Hata mimi nilifanya hivyo, siku za Jumapili.

Bwana Theobald Wenk ndiye aliyekuwa na duka na mtambo wa kuchapia, na Lienhard alimchongea. Alimweka chumba cha nyuma kisicho na dirisha, washindani wasije wakachungulia Ngoma ya Mauti mpya kabla haijakamilika. Mchongaji anatumia maji makali yanayokula shaba, na mvuke wa maji yale unakula pia kifua cha mtu. Nilikwenda mwenyewe kwa Wenk, nikamsimamia dukani.

"Bwana Wenk, mume wangu anakohoa damu. Toboa ukuta hata upana wa kofia."

"Mama Chrischona," akasema, anafunga kifurushi cha mteja, hakuinua macho, "Mauti hachorwi na watu wenye afya. Ndiyo maana anatoka vizuri."

Mteja akacheka. Sikuyasahau maneno yale, na sura ya mteja naikumbuka pia.

Mabamba ishirini na matatu aliyachonga katika chumba kile. La ishirini na nne, la Hakimu, alilichonga kitandani kwangu, na shaba ya Wenk ilikuwa haijaletwa. Lienhard hakutaka kungoja, kwa sababu alijua ni nani mwingine hangoji. Akaniambia, "Mke wangu, lete sufuria." Tukakata kitako cha sufuria yetu kubwa ya shaba, ile niliyopewa na shangazi siku ya harusi, akakinyoosha kwa nyundo, akakisugua upande mmoja mpaka ukawa kama maji. Upande wa pili tuliuacha na masizi ya supu. Tangu siku hiyo napikia chungu cha udongo. Alimaliza Jumamosi, akachonga jina na konokono, akasema, "Mchongaji hana kaburi, Chrischona. Ana pale pembeni tu." Jumanne tulimzika.

Wenk alikuja mazikoni. Tulipokuwa tukirudi, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyake, akanisogelea.

"Zile zana zake, mama. Hazina kazi kwako. Nitatuma mtu."

"Njoo mwenyewe, Bwana Wenk."

Akaja. Nikampa patasi, visu vya kukwangulia, mto wa ngozi uliojaa mchanga, mawe ya kunolea, vyote. Kioo kilikuwa kimetundikwa ukutani mbele ya macho yake. Akajitazama humo, akarekebisha kola yake, akasema, "Hivyo tu?"

"Nimekupa ulivyotaja," nikamwambia.

"Na bamba la Hakimu? Alilianza?"

"Alikuwa mgonjwa, Bwana Wenk."

Sikusema uongo. Namwogopa Mungu, na kila neno kati ya hayo naweza kulirudia siku ya hukumu. Akatikisa kichwa akaenda zake, na Hakimu alikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya shuka la harusi.

Wakati huo nilidhani namficha kwa mapenzi tu. Kisasi kilikuja baadaye, kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na kazi ya kupaka rangi picha za Wenk, kazi ya wanawake, na miezi miwili baada ya msiba akaniletea ishirini na tatu za kwanza. Nikainama kumtafuta konokono wangu. Hayupo. Nikachukua ya pili, hayupo. Mahali pake pameandikwa T. Wenk, kwa mkono wake mwenyewe, herufi nono kama soseji, na chini ya kila jina kuna ukungu mdogo wa kijivu. Nilijua ukungu ule ni wa nini. Ukikwangua maandishi kwenye shaba unaacha kibonde, na fundi hugeuza bamba akalipiga nyundo kwa nyuma mpaka kibonde kipande juu. Asiye fundi hajui. Wino unabaki humo. Kwa hiyo chini ya jina la Wenk, mara ishirini na tatu, palikuwa na kaburi dogo la mume wangu, na kila aliyeona alidhani ni uchafu.

Sikulia. Nilipaka rangi. Shavu la bibi arusi nikalipa waridi, majani nikayapa kijani.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kwamba kisasi si cha binadamu, kina mwenyewe mbinguni. Nilimngoja mlangoni baada ya ibada.

"Mchungaji, kunyamaza ni dhambi?"

Akafikiri, akadhani nina jirani mgomvi. "Mara nyingi, mama, kunyamaza ni fadhila."

Basi nikanyamaza miezi kumi na minne.

Wenk alikuwa na hamu moja kubwa: kuketi kwenye kiti cha mkuu wa chama chetu cha wachoraji na wachongaji. Mzee Morand, aliyekuwa mkuu, alikuwa amechoka na macho yanafifia, na kanuni ya chama ni ya zamani: kiti kile hakikaliwi na mwenye duka, kinakaliwa na aliyechonga kazi nzima kwa mkono wake, aiweke mezani siku ya Luka, na aape. Kazi nzima ya Ngoma ni picha ishirini na nne. Wenk alikuwa nazo ishirini na tatu.

Angeweza kumwajiri fundi kutoka nje, lakini fundi ana mdomo. Na jambo jingine, mtu aliyechonga jina lake mara ishirini na tatu hujiona fundi. Herufi alishajifunza kuziandika kinyume, hilo kila mchapaji analijua. Akaona picha ni herufi kubwa tu. Akatafuta nakala ya zamani ya Hakimu, akajifungia katika chumba kile cha nyuma.

Nilimkuta humo kazini nilipopeleka picha zangu. Dirisha lilikuwa limeshatobolewa, pana, jua linaingia. Nakala ya zamani ameisimamisha mbele yake, nyuma ya bamba, na anachonga kile anachokiona, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Hakuna kioo. Nilisimama pale na kikapu mkononi. Hakimu wa shaba alikuwa ameinua mkono wa kulia, vidole vitatu juu, na Mauti kando yake anamwigiza, ameinua vidole vitatu vya mifupa. Kwenye shaba alipendeza. Kwenye karatasi angeinua wa kushoto.

Hapo, sikatai, nilitetereka. Neno moja tu lingetosha, na nusu ya kazi ilikuwa bado.

"Bwana Wenk..."

"Nini tena?"

Nikalitazama lile dirisha.

"Wino umekugusa shavuni."

Akajipangusa na mkono wa shati. "Ona hii kazi, mama. Watu wanasema mambo ya Konokono, Konokono. Mwenzio namaliza kwa siku tisa."

"Naona," nikasema. "Ni haraka sana."

Alichapa karatasi ya kwanza siku tano kabla ya sikukuu, akafurahi kwamba mistari imetoka, akaniletea niipake rangi pamoja na zile nyingine. Mkono wa Hakimu, wa kushoto, niliupa nyama nzuri ya waridi, na joho lililoufunika nikalipa nyekundu iliyokoza, nyekundu ambayo huwa naiweka kwa joho la Papa peke yake. Picha nzima ilionekana kama mkono uliozungukwa na vitu vingine. Ndipo Apollonia akaja kuomba chumvi.

Siku ya Luka wajane wa chama tunaruhusiwa kuketi meza ya chini, karibu na mlango, tunapewa divai na supu. Nilikwenda na kikapu changu. Wanaume walikuwa arobaini hivi, viatu vimepakwa mafuta, na katikati ya ukumbi meza ndefu imetandazwa picha na mabamba yake ishirini na manne. Mzee Morand akasimama, mkono mmoja juu ya fimbo.

"Theobald Wenk. Unaapa kwamba kazi hii, bamba kwa bamba, imechongwa kwa mkono wako na si wa mtu mwingine?"

Wenk akainua mkono wa kulia, vidole vitatu. Sauti yake ilijaa ukumbi. "Naapa, Mungu anisaidie."

Wakapiga meza kwa ngumi, kama ilivyo desturi. Morand akawa anaanza kuvua mkufu wa ukuu shingoni, na mkufu ukanasa kwenye sikio, watu wakacheka, na mlango ukafunguliwa akaingia Apollonia na ubao wa mikate kichwani.

"Pisheni, jamani, inaunguza!" Akapita kando ya meza, akasimama kama mtu aliyevutiwa na rangi. Shoga yangu yule angefaa kuigiza mbele ya watu. "Eh! Wazee wangu, mniwie radhi mimi mtu wa unga. Hivi siku hizi mahakimu wanaapa kwa mkono wa kushoto?"

Kijembe kikatoka nyuma: "Wa kulia umejaa rushwa, hauinuki!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wenk naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Morand hakucheka. Alitoa miwani, akainama juu ya Hakimu, akainama juu ya bibi arusi, juu ya mpiga zeze, juu ya askari, akarudi kwa Hakimu.

"Hizi ishirini na tatu zote ziko sawa," akasema. "Zeze kulia, upanga kushoto. Hii imepinduka. Wenk, kioo chako siku hiyo kilikuwa wapi?"

"Kioo?" akasema Wenk.

Neno moja tu. Kicheko kilikatika kama uzi. Wachongaji arobaini, ambao kila mmoja ana kioo chake nyumbani na alipigwa makofi na bwana wake siku ya kwanza aliyokisahau, walimgeukia mtu aliyeuliza kioo ni nini.

Aliona nyuso zao, akajua amekanyaga pabaya ila hakujua ni wapi. Akatafuta pa kutokea, akanipata mimi.

"Hilo bamba... niseme ukweli, wazee. Hilo moja alilichonga marehemu Strub, kibarua wangu. Alikuwa anakufa, mikono inamtetemeka. Nilimhurumia nikaliacha na makosa yake. Mjane wake yule pale. Mama Chrischona, waambie. Si alikuwa mgonjwa?"

Yaani jina la mume wangu alilifuta palipo na kazi nzuri, na sasa analiandika palipo na kosa.

Nikasimama. "Alikuwa mgonjwa," nikasema. "Hilo nilikwambia mwenyewe."

Nikaenda na kikapu mpaka meza ya juu, ambako mwanamke haendi. Hakuna aliyenizuia. Nikatoa kioo kwanza, nikakiegemeza kwenye jagi la divai. Kisha nikafungua shuka la harusi, nikampa Mzee Morand bamba.

Aliligeuza. Upande wa nyuma ukamwachia weusi vidoleni.

"Hii ni nini, mama?"

"Masizi ya supu, mzee. Ilikuwa sufuria yangu. Shaba ya Bwana Wenk ilichelewa."

Akaligeuza tena, akalielekeza kwenye kioo, na wote waliokuwa karibu wakainama. Ndani ya kioo Hakimu aliinua mkono wa kulia, na Mauti akainua wa kulia, kila unywele mahali pake. Morand akasogeza pua mpaka kwenye pembe ya chini. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi: "L. Strub, kwa mkono wake." Halafu akasema, "Na konokono."

"Konokono!" akasema mmoja nyuma, na mwingine akalirudia, na sauti zao hazikuwa za mzaha.

Mzee Morand alilichukua bamba la kwanza la ile Ngoma, la Papa, akapitisha kidole gumba juu ya jina la Wenk. Akapitisha tena. Kibonde kilikuwa pale. Akachukua la pili, akachukua la tano, la kumi. Akayamaliza yote.

"Mwaka mzima nilidhani ni wino mchafu," akasema. Akaurudisha mkufu shingoni mwake. "Bwana Wenk, umeapa hapa hapa, supu haijapoa. Sitaki kukuonea. Inua mkono uape upya, mbele ya mama huyu. Safari hii chagua mwenyewe mkono upi."

Wenk akanitazama. "Mama Chrischona," akasema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyesimama mbele ya kaunta akiomba, "kwa ajili ya Mungu."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, mengine matamu na mengine machungu, nimeyaweka miezi kumi na minne. Nikakumbuka kwamba kunyamaza mara nyingi ni fadhila. Nikanyoosha mkono, nikakigeuza kioo kidogo tu, mpaka akajiona.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kifuani, vidole vitatu vimenyooka. Humo ndani ya kioo, mtu aliyekonda mashavu alikuwa anainua wa kushoto. Wenk alimtazama mtu yule. Mkono ukashuka. Akachukua kofia yake, akaiacha fimbo yake, akapita kando ya meza yenye picha zangu, kando ya Apollonia aliyekuwa bado na ubao wa mikate kichwani, akafungua mlango akatoka.